Kufuli Halikuvunjwa

Hapa Tenke mtu akihukumiwa kifungo, jamaa zake hukaa kikao jioni ileile, na swali la kwanza huwa: tunamjua nani? Mmoja atakumbuka shemeji aliyesoma na karani fulani. Mwingine atamtaja mchungaji ambaye mke wa jaji husali kwake. Bei zitaanza kutajwa, kwa dola, na kabla usiku haujaisha kuna mtu ameshatumwa kuuza mbuzi. Hakuna anayeuliza hukumu imesema nini. Rufaa ikitajwa, hutajwa kama njia nyingine ya kuomba huruma: unakwenda kwa mkubwa zaidi, unapiga magoti chini zaidi.

Nilikaa katika kikao cha namna hiyo nyumbani kwa dada yangu, ng'ambo ya reli, mwanawe alipopewa miaka minane kwa wizi wa ghala. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika ukoo wetu maana yake ni kwamba karatasi yoyote ya Kifaransa, iwe ya hospitali, ya kiwanja au ya mahakama, huletwa kwangu. Ndivyo nilivyoangukiwa na kesi ya mpwa wangu.

Asiyeijua Tenke aijue kwanza kwa reli. Hapa ndipo njia itokayo Lubumbashi inapogawanyika: moja inapanda Kamina, nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo, mpaka bandari ya Lobito kule Angola. Hiyo ya pili ilikamilika mwaka 1931. Baba yetu aliletwa hapa na kazi ya reli, akafia hapa. Siku hizi treni ni chache, na kinachotikisa madirisha ni malori ya shaba na kobalti. Mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009, ukiwa mikononi mwa Wamarekani wa Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 wakawauzia Wachina wa CMOC. Watu walimiminika kutoka Kasai, kutoka Kamina, kutoka vijiji vya Lubudi, kila mmoja akiwa na mtu aliyemwahidi kazi. Wachache waliipata. Waliobaki wanachimba pasipo ruhusa, wanabeba magunia, wanauza vocha za simu, na wengine wanaiba: nyaya, mafuta ya malori, betri, unga. Sisemi hivyo kuwatetea. Mimi mwenyewe niliwahi kuamka nikakuta banda la kuku limebaki manyoya, na siku hiyo ningemkamata aliyefanya hivyo, sijui kama ningekumbuka katiba inasema nini.

Mpwa wangu alikuwa akibeba magunia katika ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni, mzee anayeuza unga wa mahindi wa Zambia, ndoo za plastiki na mafuta ya kupikia. Alilipwa kwa gunia, siku yenye mzigo. Siku isiyo na mzigo hakulipwa. Jioni moja, giza limeshaingia, yeye na wenzake wawili walitoa ghalani magunia ya unga, paneli ya sola na betri yake. Wale wawili walikimbilia milimani kwa wachimbaji, hawakuonekana tena. Yeye alikutwa amelala, magunia mawili chini ya kitanda. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusema hakuiba. Hata mama yake hakusema.

Alipelekwa kasho, yaani mahabusu ya polisi, kisha akapandishwa gari la parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Wanaofuata mambo haya wanajua ngazi zake: polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48, ndivyo kinavyosema kifungu cha 18 cha katiba ya 2006; mwendesha mashtaka anaweza kumfunga kwa hati ya siku 5; baada ya hapo jaji huidhinisha siku 15, halafu mwezi, halafu mwezi mwingine. Huo "mwezi mwingine" ndio unaowazeesha akina mama. Dada yangu aliacha kuuza makaa pale stesheni siku za Jumatatu na Alhamisi, akawa anasafiri na bakuli la bukari na sombe lililofungwa kwa kitambaa, kwa sababu mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake huonekana shingoni kabla ya mwezi kuisha.

Kesi yenyewe ilisikilizwa kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kusahihisha madaftari ya darasa moja. Avoka, yaani wakili, aliyesimama naye alikabidhiwa faili asubuhi ileile. Jaji aliuliza: je, usiku ule uliingia ghalani, ukavunja mlango, ukachukua mali? Mpwa wangu akajibu ndiyo. Mambo matatu, jibu moja. Hukumu ikafuata kifungu cha 81 cha sheria ya jinai, ile ya 1940 ambayo bado tunaitumia: wizi wa kuvunja, na tena wizi wa usiku katika nyumba ya watu. Kwa wizi wa namna hiyo adhabu inafika miaka 10. Yeye alipata minane.

Turudi kwenye kikao. Kaka yetu mkubwa, ambaye neno lake kwetu halijibiwi ovyo, alisema rufaa ni kupoteza muda, tungoje msamaha wa rais. Akatoa mfano wa Babu Seya, na kila mtu akatikisa kichwa, maana huyo ni mwanamuziki wa kwetu Kongo na habari zake zilifika kila nyumba inayosikiliza redio ya Kiswahili. Alihukumiwa kifungo cha maisha Dar es Salaam mwaka 2004 pamoja na wanawe. Walikata rufaa Mahakama Kuu, wakashindwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili, yeye na Papii Kocha wakabaki ndani. Kilichowatoa hao wawili ni msamaha wa Rais Magufuli, siku ya uhuru, 9 Desemba 2017. "Unaona?" kaka alisema. "Mlango wa jela unafunguliwa na mkubwa."

Lakini katika mfano huohuo kulikuwa na vijana wawili waliotolewa na mahakama miaka saba kabla ya rais yeyote kuwakumbuka, na hao kaka hakuwahesabu. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya chini, kama inavyompasa mdogo. Alinitazama, akasema, "Basi nenda, mwalimu, wewe na karatasi zako." Wakati huohuo fedha za mbuzi zilikuwa zimeshapewa bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, mmoja wa wale wanaoshinda chini ya miti karibu na mahakama wakijiita makomisionea, aliyeahidi kwamba faili litamfikia mtu anayetakiwa. Mkono mtupu haulambwi, alituambia. Mkono ukajaa, ukaondoka, na simu yake ikawa haipatikani.

Nikaenda Kolwezi, na nilichojifunza kwanza huko kilinishangaza kwa urahisi wake. Kukata rufaa katika kesi ya jinai si kuandika barua ndefu. Mtu anakwenda kwa grefiye, yaani karani, wa mahakama iliyohukumu, au wa ile itakayosikiliza rufaa, anatamka kwamba hakubali hukumu, inaandikwa, inatiwa tarehe. Sababu si lazima uzieleze siku hiyo. Muda ni siku 10. Zikipita, hata uwe na hoja ya dhahabu, mahakama haitaisikiliza. Nimekaa na familia nyingi tangu wakati ule, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba zinazoshindwa kwa sababu sheria ilizikataa ni chache kuliko zinazoshindwa kwa sababu siku 10 zilikwisha watu wakiwa bado wanauliza tunamjua nani.

La pili nililojifunza ni kwamba chama cha mawakili cha kila mkoa kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Bure hiyo ina mipaka yake: nauli ni yako, fotokopi ni zako, na nakala ya hukumu ina gharama zake. Tena anayekutetea lazima awe avoka kamili, kwa sababu wale watetezi tunaowazoea katika mahakama za chini hawaruhusiwi kusimama mbele ya Mahakama ya Rufaa. Zamani, Katanga ilipokuwa mkoa mmoja, rufaa kama hii ilipelekwa hadi Lubumbashi. Tangu mkoa ulipogawanywa mwaka 2015 na Lualaba kusimama peke yake, Kolwezi imepata Mahakama yake ya Rufaa, na hiyo kwa mtu wa Tenke ni tofauti ya safari ya siku na safari ya wiki.

Tulipewa avoka mmoja, mama kijana. Nilikwenda na kaka, ambaye alikuwa amekubali kunisindikiza ili aone nitakavyoaibika. Alianza yeye, kama mkubwa: kijana amebatizwa, baba yake alikufa mapema, hakuwahi kuonekana na wahuni, mama yake ni mtu wa sala. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kalamu imelala mezani. Kisha akasema, "Ahsante, Papa. Hayo tutayahitaji, ila mwishoni. Sasa nieleze habari za kufuli."

"Kufuli gani, Metre?" kaka aliuliza, kwa jina la heshima tunalowaita maavoka.

"La ghala. Lilivunjwa na nini?"

Kaka alinigeukia. Hatukujua. Miezi yote ile, katika vikao vyote, hakuna aliyeuliza kufuli lilivunjwa na nini.

Akauliza mengine. Nani alikuwa akilala ghalani? Ghala liko ndani ya ua wa mfanyabiashara au nje? Kuna ukuta? Kuna njia? Nilijibu nilichoweza, na kwa kila jibu aliandika neno moja au mawili. Halafu akatueleza kwa nini anauliza, na nilitamani darasa langu lote lingekuwepo. Wizi wa kawaida uko katika kifungu cha 80, na hauwezi kuzidi miaka 5. Ili upande mpaka kifungu cha 81 lazima kuwe na kitu cha kuupandisha: kuvunja, au kupanda ukuta, au ufunguo wa bandia; au uwe umefanyika usiku katika nyumba inayokaliwa na watu au majengo yake. Giza peke yake halitoshi. "Mtoto wenu aliiba," alisema. "Hilo sitalibishia, na nyinyi msilibishie. Tutaiuliza mahakama aliiba kwa namna gani."

Kaka hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha mabasi. Pale akasema, "Huyu mtoto wa kike ana kichwa."

Sitaficha kwamba rufaa ina hatari yake, na mpwa wangu aliijua kuliko sisi. Gerezani habari husambaa: kuna waliokata rufaa wakarudi na miaka zaidi. Metre hakukataa. Mwendesha mashtaka naye akikata rufaa akitaka adhabu izidi, mahakama inaweza kuizidisha, na kwa kifungu cha 81 bado kulikuwa na miaka miwili juu ya ile minane. Ila Metre alikuwa ameshaangalia daftari la grefe, ofisi ya grefiye: upande wa mashtaka haukukata. Alimweleza hivyo ana kwa ana, akamwachia aamue. Akaamua kuendelea na rufaa.

Siku Metre aliporuhusiwa kulisoma faili, alinipigia simu akiwa bado nje ya mahakama. Katika maelezo ya mfanyabiashara mwenyewe, yale aliyoyatoa polisi asubuhi baada ya wizi, kulikuwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyeisoma mbele ya jaji: mlinzi alikuwa amekwenda kula, akaliacha kufuli limening'inia bila kufungwa. Na katika taarifa ya afisa aliyekwenda kukagua, mlango haukuandikwa popote kuwa umevunjwa. Neno la kuvunja lilianza kuonekana katika karatasi ya mashtaka, likahamia katika swali la jaji, likakutana na ile "ndiyo" ya mpwa wangu, likaingia katika hukumu.

Metre alinituma nikalitazame ghala kwa macho yangu. Nilikwenda Jumamosi, nikamsalimia mlinzi, nikaomba ruhusa ya mwenye mali. Mlango ni wa bati zito, umepakwa rangi ya kijani, na komeo lake limeshikwa na boliti nne. Rangi ile ilipakwa baada ya komeo kufungwa, kwa hiyo vichwa vya boliti vimefunikwa nayo, na pale rangi ya boliti inapokutana na rangi ya bati hapakuwa na ufa hata mwembamba. Mtu akiling'oa komeo kwa nondo, au hata akilitikisa kwa nguvu, rangi ile lazima ipasuke. Haikuwa imepasuka. Nilipiga picha kwa simu, boliti mojamoja, kisha nikapiga mbali kuonyesha mlango wote. Halafu nikachora ramani: ghala upande huu, nyumba ya mfanyabiashara upande ule, na katikati barabara ambayo malori mawili yanapishana bila kugusana. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye alikuwa akipita na ndoo ya maji, alinishikia futi ya kupimia. Aliuliza tunajenga nini.

Kazi nyingine ilikuwa ya dada, na ilikuwa nzito kuliko ya boliti. Alikwenda kwa mfanyabiashara. Hakwenda kuomba afute kesi, kwa sababu kesi ya wizi ikishafika parke si ya mwenye mali tena. Kulipa hakuifuti, ila kunapunguza. Alikwenda kulipa. Alimkuta mzee amekaa nje kwenye kiti chake cha nailoni, akapiga goti kama tunavyofanya kwa wakubwa, akamwambia amekuja na bei ya gunia moja, na kwamba atarudi na nyingine kila makaa yakiuzika. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama, mimi nilitaka unga wangu. Miaka yake nitaila na nini?" Akaandika risiti. Dada aliziweka risiti zote ndani ya Biblia yake, na mwisho zilikuwa nyingi kiasi kwamba Biblia haikuweza kufungika.

Katika kipindi hicho nilisikia sana sentensi moja, kutoka kwa majirani, walimu wenzangu, hata kwa padri: mnamtetea mwizi? Nilikuwa nikijibu kwa upole, sasa najibu kwa ufupi. Kifungu cha 21 cha katiba kinasema haki ya kukata rufaa imehakikishwa kwa wote. Hakikusema wote isipokuwa wezi. Kama rufaa ni ya wasio na hatia tu, basi mahakama ya kwanza ingekuwa imeshatuambia nani hana hatia, na tusingehitaji ya pili. Mwenye hatia ana deni, na deni lina kiasi chake. Anayeiba magunia mawili ghalani na anayevunja nyumba ya watu waliolala hawadaiwi sawa. Wengi wa walioniuliza swali lile wameshuhudia, kama mimi, mwizi akifungwa tairi shingoni mbele ya umati. Hukumu ile haina grefe.

Baadaye sana nilisoma kesi ya Alex Thomas, iliyoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha tarehe 20 Novemba 2015. Huyo alikuwa amefungwa miaka 30 Tanzania kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akahangaika na rufaa kwa miaka mingi. Majaji wa Arusha hawakusema kwamba hakuiba. Waliuliza alihukumiwa vipi: alikuwa na wakili wa kumtetea? Alipewa nafasi ya kujibu? Wakakuta haki yake ya kusikilizwa imevunjwa, na kwamba mtu anayekabiliwa na adhabu kubwa vile alipaswa kupewa msaada wa kisheria. Nilipoisoma nilimkumbuka yule avoka wetu wa kwanza, aliyefungua faili asubuhi ya kesi. Sina hasira naye. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma sentensi iliyofichika ukurasa wa nne kwa dakika alizopewa.

Kusubiri kulikuwa kurefu, na sina mengi ya kukueleza juu yake. Faili linatakiwa lihame kutoka grefe ya chini kwenda ya juu, na faili halina miguu. Linahamishwa na barua, na barua inafuatwa na barua nyingine. Metre aliziandika, mimi nilizipeleka. Kikao kiliahirishwa kwa sababu jaji mmoja alisafiri, kikaahirishwa tena kwa sababu gari la kuwaleta wafungwa halikuwa na mafuta. Wakati wote huo mfungwa anabaki ndani, rufaa haimtoi. Kitu kimoja kilitupa moyo: siku zote alizokaa kabla ya hukumu kuwa ya mwisho zingehesabiwa ndani ya kifungo chake.

Mahakama ya Rufaa ilikaa na majaji watatu. Rais wa kikao alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani aliyoivua kila alipouliza na kuivaa kila aliposoma. Aliuliza kwa Kiswahili, karani akaandika kwa Kifaransa. Na aliuliza swali mojamoja.

"Uliingia ghalani?"

"Ndiyo, Bwana Prezida."

"Ulichukua mali isiyo yako?"

"Ndiyo."

"Mlango mliuvunja na nini?"

"Hatukuvunja. Kufuli lilikuwa linaning'inia tu. Tuliliondoa kwa mkono."

"Kwa nini kule uliambiwa umevunja ukajibu ndiyo?"

Mpwa wangu alikaa kimya, akatazama viatu. "Nilidhani ananiuliza kama niliiba," akasema.

Mwendesha mashtaka alikuwa mjanja, na namheshimu kwa hilo. Aliacha habari za kufuli, akashika usiku. Ghala, alisema, ni sehemu ya nyumba ya mfanyabiashara, kwa hiyo wizi ulifanyika usiku katika majengo ya nyumba inayokaliwa. Hapo Metre akaomba mwenye mali asikilizwe. Yule mzee alikuwa amekuja kwa nauli yake mwenyewe, na kofia mkononi. Rais wa kikao aliishika ramani yangu, ile niliyoichora kwa penseli kwenye karatasi ya mitihani, akamuuliza: kati ya nyumba yako na ghala kuna nini?

"Barabara, Mheshimiwa. Malori ya mgodi yanapita."

"Na usiku nani analala ghalani?"

"Hakuna. Panya."

Watu walicheka, hata mmoja wa majaji. Metre alitoa picha za boliti, akasoma ile sentensi ya maelezo ya polisi, akaweka mezani risiti za dada. Tabia njema na ubatizo, yale ya kaka, aliyasema mwishoni kabisa kama alivyoahidi, kwa sentensi mbili, akaomba sababu za kupunguza adhabu zizingatiwe. Akaketi.

Hukumu ilisomwa katika kikao cha baadaye. Mahakama iliona kwamba kuvunja hakukuthibitishwa na kwamba ghala lile si nyumba inayokaliwa wala jengo lake. Ikalihamishia kosa kwenye kifungu cha 80, ikampa kifungo cha miaka mitatu. Fidia ya mfanyabiashara ilibaki, ikapunguzwa kwa kiasi kilichokwisha kulipwa. Dada hakuelewa Kifaransa cha hukumu, alinitazama mimi. Nilimwonyesha vidole vitatu. Kaka, aliyekuwa nyuma yetu, aliuliza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Mitatu kutoka minane?" Askari akamwambia anyamaze.

Nimeulizwa tulimpa nani fedha. Nimeulizwa hivyo na watu wenye akili zao, na nikiwaeleza habari za boliti na rangi huniona ninawaficha kitu. Siwalaumu sana. Wamezoea kuona milango ikifunguka kwa njia nyingine, na siwezi kuapa kwamba kila rufaa inasomwa kama ilivyosomwa ile yetu. Zipo zinazozama. Yapo mafaili ambayo hayahami mpaka mfungwa amalize kifungo. Ninaloweza kuapa ni kwamba fedha pekee tuliyoitoa bila risiti ni ya mbuzi, na hiyo ndiyo pekee iliyopotea.

Mpwa wangu ametoka. Sheria inaruhusu mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo, na aliyekaa ndani zaidi ya miezi mitatu, kufikiriwa kuachiwa kwa masharti. Tuliomba, hatukujibiwa, akamaliza muda wake wote. Sasa yuko Fungurume kwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na bado anamalizia kumlipa mzee wa unga.

Wewe unayesoma haya na una mtu wako aliyehukumiwa wiki hii: acha kikao kiendelee bila wewe. Nenda kwa grefiye, hakikisha rufaa imeandikwa, usiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe. Kisha omba kuisoma hukumu, na kila kinachodaiwa ndani yake uulize kimethibitishwa na karatasi gani. Mtu aliyekuwepo mahakamani, siku 10 zake zinaanza kuhesabiwa tangu hukumu iliposomwa. Haziisubiri familia ipate habari.